Maneno ya Wali Aliyotuachia Baba

Wajukuu wangu wanajua kuomba wali kwa Kichina, na mama zao hawalipendi jambo hilo. Mmoja aliniambia kwa adabu, huku anatazama pembeni, kwamba ni afadhali niwafundishe Kipokomo, lugha ya babu zao, kuliko maneno ya watu wa mbali ambayo hata mimi mwenyewe sijui kuyaandika. Nilimjibu kwamba Kipokomo watakiokota bure mtoni, kila mtu anakisema. Haya mengine, tangu dada yetu afariki, yako kwangu tu na kwa mdogo wangu, na mdogo wangu ni mvivu wa kusema. Akaliacha, maana ananijua nikishika jambo siachi.

Kwa hiyo kila Ijumaa wanapokuja kula kwangu nawaketisha mkekani na kuwaanzia. Mpunga ukiwa bado shambani ni wo. Ukitwangwa ukawa mchele ni mai. Ukiiva ukawa wali ni fan. Uji wa mchele ni juk. Bakuli ni wun, na hapo lazima wacheke kwa mlio wake. Ukoko ule wa chini ya sufuria, ambao wanaugombania kama sisi tulivyougombania, ni fan jiu. Kula ni sik fan. Wanayashika haraka, watoto hawana kazi nyingine.

Maneno hayo nilipewa na baba, naye aliyapata kwenye jiko la meli. Siyafundishi kwa ajili ya mchezo. Baba yangu alikufa kwa njaa, katika miaka ya hamsini, kwenye kijiji chetu karibu na Garsen, na alikufa wakati watu waliomzunguka bado walikuwa wakila, nasi watoto wake tukiwa miongoni mwao. Nilikuwa na umri wa kutumwa maji mtoni na kurudi bila kumwaga.

Baba alikuwa Mpokomo wa ukingoni mwa mto kabisa, mtu mfupi, mkimya, ambaye ngozi ya mikono yake ilikuwa imeliwa na sabuni na maji moto ya kuoshea masufuria. Katika ujana wake alishuka mto kwa mtumbwi mpaka Kau, karibu na bahari, akakaa huko akivua, akaona uvuvi haumfikishi popote, akaenda zake Mombasa na kuandikwa kwenye meli ya mizigo. Jikoni aliwekwa chini ya mpishi Mchina. Kiingereza cha mpishi kilikuwa kidogo na cha baba kilikuwa kidogo zaidi, basi wakaelewana kwa kile kilichokuwa mbele yao, yaani chakula. Mpishi alishika kitu akakitaja, baba akakitaja pia, akasahihishwa, akakitaja tena. Kilichomfurahisha baba ni kwamba Wachina, kama sisi, wana jina la mpunga, jina la mchele na jina la wali, mbali mbali. Wazungu wa melini walikuwa na neno moja tu kwa vyote, na baba aliliona hilo kuwa dalili ya watu ambao hawajawahi kushika jembe.

Kila asubuhi, kabla ya neno jingine lolote, mpishi alimwuliza: sik jo fan mei? Umeshakula, au bado? Baba alipokwisha kulielewa swali hilo alidhani anadharauliwa. Kwetu hatuulizani hivyo. Ukimkuta mtu nawe unacho, unamwambia karibu tule, yeye anasema starehe, nimeshiba, unamlazimisha, anakaa. Ukimwuliza kama amekula ni kama unapima kwanza kama utaweza kumkwepa. Siku hiyo ya kwanza baba alitikisa kichwa, hajala. Mpishi akaweka chini upawa wake, akachukua bakuli, akamjazia uji wa mchele wenye vipande vya samaki, akamsimamia mpaka akamaliza.

Baadaye ndipo alipojua kwamba ile ni salamu tu, na kwamba jibu lake ni sik jo, nimekula, hata kama tumbo linaunguruma.

"Ni sijambo yao," alikuwa akituambia. "Mgonjwa kitandani si husema sijambo? Basi nao ni hivyo hivyo."

Na kama mtu anataka kusema ukweli, anasema mei, maana yake bado. Baba alisema yeye alikuwa akimjibu mpishi yule ukweli siku zote, kwa sababu alikuwa akiuliza huku ameshika bakuli.

Alipochoka na bahari alirudi, akapita Kau, akamwoa mama, akampandisha mto mpaka kijijini kwetu. Mama alisema Kiswahili cha Kau maisha yake yote. Leo kwake ilikuwa yeo, macho yalikuwa mato, na wanawake wa kijiji walimwiga kisimani na kucheka. Hakuwa na ndugu wala shoga wa karibu pale. Nalitaja hili kwa sababu litakuwa na kazi yake mbele.

Mpunga ukianza kujaa maziwa, ndege huja kwa makundi, na kuwaamia, yaani kuwafukuza, ni kazi ya watoto. Tulipanda juu ya dungu, lile jukwaa la miti linalojengwa katikati ya shamba, tukiwa na teo za kamba na vidonge vya udongo vya kurusha, na tangu jua linachomoza tulikuwa tukirusha na kupiga kelele. Kelele yoyote ilifaa. Baba akaona ni hasara watoto kupoteza pumzi kwa kelele tupu, akatufundisha maneno ya mpishi. Tukawa tunawafukuza ndege kwa Kichina. Mimi nilipiga wo, mtoto wa dungu la pili akaitika mai, wa dungu la tatu fan, mpaka bonde zima likawa linataja chakula. Wanawake walimwuliza mama kama hayo si matusi ya mabaharia. Mama akasema yeye hajui, mume wake ndiye aliyezunguka dunia, yeye amezunguka sufuria tu.

Miaka hiyo ilikuwa ya shibe. Aliyeshika neno jipya alipewa ukoko jioni, na mimi nilikula ukoko mwingi.

Sasa nieleze jinsi tulivyokula, kwani bila hilo kifo cha baba hakieleweki. Wanawake na watoto walikula jikoni. Wanaume walikula pamoja kwenye baraza lao, banda la makuti lililokuwa karibu na msikiti. Kila nyumba ilipeleka sahani yake, kwa kawaida mikononi mwa binti, na kwetu binti wa kutumwa nilikuwa mimi. Niliweka sahani mkekani, nikarudi nyuma bila kutazama, kwani msichana hasimami kutazama wanaume wakila. Sahani zote ziliwekwa katikati, na kila mmoja alikula cha mwenzake. Mwanamume ambaye nyumba yake haikuleta kitu angeweza kukaa, hakuna aliyemfukuza, lakini kila tonge angelila huku anahesabiwa, au akijiona anahesabiwa, na hilo ni sawa sawa.

Msimu mmoja mto haukupanda. Sisi tunaishi kwa mto kupanda na kushuka. Ukipanda unamwaga maji mabondeni, ukishuka unaacha tope, na kwenye tope ndipo tunapopanda. Mwaka ule maji yalibaki chini kwenye mfereji wake, tukala akiba. Msimu uliofuata ulipanda kwa hasira, mpunga ukiwa umekwisha toa masuke, na maji yakakaa juu yake mpaka ukaoza. Tulipita kwa mtumbwi juu ya shamba letu. Nilitia mkono majini nikavuta suke, likatoka jeusi, linanuka. Baba alitazama, akabonyeza upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, akaturudisha nyumbani.

Migomba nayo ilioza miguuni ikaanguka. Samaki walitawanyika mabondeni pamoja na maji, na aliyepata ni yule mwenye nyavu nzuri na mgongo mzima. Wanawake wa Kiorma waliozoea kuleta vibuyu vya maziwa wabadilishane na mchele waliacha kuja, kwani hatukuwa na cha kuwapa. Siku moja tulisikia mahindi ya serikali yamefika Garsen. Siku ya pili tukasikia hayajafika, barabara imezama. Tulikula makoma, yale matunda magumu ya mikoma, tukayatafuna mpaka fizi zikatoka damu. Tuliingia mabwawani kuchimba mizizi ya yungiyungi, mama akaipika na kumwaga maji yake, akaipika tena, na bado ilikuwa chungu.

Watu wakaanza kula ndani. Mlango ukifungwa mchana, tulijua sufuria imeteremshwa. Sisemi walikuwa wabaya, sisi pia tulifunga. Neno karibu ni zito ukiwa na kisahani kimoja na watoto watatu, na njia pekee ya kutolisema ni kutoonekana.

Baraza la wanaume liliendelea muda mrefu zaidi, kwa sababu aibu ya wanaume ni kubwa zaidi. Sahani zilikuja ndogo, zimefunikwa kawa, lakini zilikuja. Na siku moja baba alirudi kutoka huko akamwambia mama:

"Tumekubaliana barazani. Sahani zitakwenda kwa zamu. Mwenye nacho alete, asiye nacho ale. Usinipelekee kitu mpaka nikuambie zamu yetu imefika."

Mama alishukuru Mungu kwa sauti. Alisema kumbe watu wa mtoni wana imani, na yeye alikuwa akiwadhania vibaya. Sehemu ya baba ikabaki nyumbani. Nyingi yake alipewa mdogo wangu, ambaye mbavu zake zilikuwa zimeanza kuonekana na nywele zake kugeuka rangi. Sehemu iliyobaki tulipewa mimi na dada yangu.

Tangu hapo, mama akiteremsha tu sufuria, baba alisimama, akavaa kofia yake, akasema, "Haya, nakwenda kula na wenzangu." Akirudi tulimkimbilia mlangoni kama alivyotuzoeza.

"Sik jo fan mei?"

"Sik jo," alijibu, huku anafuta mdomo kwa kiganja.

Kule barazani, haya niliyajua baadaye, alikuwa akipita kando ya banda bila kusimama. Wanaume walimwambia karibu. Naye alisema, "Starehe, jamani, nimetoka kula nyumbani sasa hivi." Akaendelea mpaka ukingoni mwa shamba, akakaa mkabala na dungu lililobaki limesimama majini, akangoja muda wa mtu kula na kuzungumza upite, ndipo akarudi. Hapakuwa na zamu yoyote. Hakuna aliyekubaliana na mtu. Wanaume waliona mtu ambaye nyumba yake imeacha kuleta sahani, wakasema ameamua kula na wanawe jikoni, njaa imemfanya mchoyo kidogo, nani hajawa. Mama aliona mume anayekwenda kula na wenzake. Kila upande ulimwachia upande wa pili.

Mtu ataniuliza, mbona mama hakuwauliza wanawake wengine? Angeuliza nini? Mume wangu anakula vizuri kwenye sahani zenu? Mgeni kutoka Kau, aliyechekwa hata kwa namna anavyosema leo, aende kisimani kuwakumbusha wenzake kwamba mume wake analishwa na nyumba zao? Alinyamaza kwa sababu ya adabu, na wao walinyamaza kwa sababu hiyo hiyo.

Na katika miezi ile ndipo baba alipotufundisha kwa bidii kuliko wakati wowote. Alasiri alitukusanya kivulini nyuma ya nyumba, sisi na watoto wa jirani, akampa kila mmoja kifuu cha nazi kitupu, akakaa katikati yetu na sufuria tupu na upawa.

"Wewe unataka nini?"

"Fan."

"Sema nipe bakuli moja la fan."

Mtoto alisema, baba akamtilia hewa. Alitia kwa uangalifu, akakung'uta upawa kwenye ukingo wa kifuu, akasema angalia, ni moto. Watoto walipuliza. Niliwaona wakipuliza kwa dhati, na mmoja wa jirani alilamba kifuu chake mpaka ndani.

Mama alitoka siku moja akatukuta. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Wawafundisha wana majina ya vitu wasivyovipata," alisema. "Una moyo gani wewe?"

"Wanasahau kidogo."

"Hawasahau. Watazame mato yao."

Baba alitazama upawa wake. Alisema mpishi yule alimwambia kwamba kwao pia aliwahi kuona njaa, na kwamba watu waliendelea kuulizana sik jo fan mei barabarani, na kujibizana sik jo, huku wanashikilia kuta wasianguke. Mama akasema basi hao ni wendawazimu, akachukua sufuria yake akaingia ndani. Kesho yake baba alitukusanya tena, bila sufuria.

Maji yalipoanza kushuka, miguu ya baba ilikuwa imevimba. Alisema ni tope. Mama alikuwa ameficha kibuyu cha mbegu, ameziba mdomo wake kwa majivu na kitambaa, na kilining'inia juu ya moshi tangu kabla ya mafuriko. Tulikitazama kila siku. Dada yangu alikuwa akilala chali ili akitazame. Nyumba nyingine zilikwisha kula mbegu zao, na nani angewalaumu, lakini baba alikuwa amesema atakayefungua kibuyu hicho kabla ya tope kuwa tayari si mtoto wake. Sasa alikiteremsha mwenyewe, akaanza kupanda.

Alipanda shamba lote. Jirani yetu, mwanamume wa rika lake ambaye dungu lake lilikuwa mkabala na letu, alisema alimwona akipanda huku amepiga magoti, akadhani ni mtindo aliojifunza kwa Wachina. Siku ya mwisho hakuinuka. Jirani alimbeba mgongoni, na alipomtua mlangoni kwetu alikuwa na uso wa mtu aliyeshangaa, kwa sababu, alisema, baba alikuwa mwepesi.

Tulimpeleka Ngao kwa mtumbwi wa jirani, kwenye hospitali. Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, nami nikashika kichwa cha baba mapajani. Njia nzima nilitaka anitazame, naye alitazama makuti ya mikoma yakipita.

Dresa, yaani tabibu msaidizi, aliyempokea alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alibonyeza kidole gumba kwenye muundi wa baba. Alipokiondoa, shimo lilibaki. Alilitazama muda mrefu.

"Mama," alisema, "huyu alikula lini mara ya mwisho?"

Mama alijibu bila wasiwasi. "Yeye hula barazani, na wenziwe. Sisi ndio twala kidogo nyumbani."

Jirani alikuwa amesimama mlangoni na upondo wake mkononi, unachuruzika maji sakafuni.

"Shemeji," alisema, "kwetu hajala. Hajala tangu maji yako juu. Kila siku anatwambia ametoka kula kwake."

Mama alimtazama jirani, kisha dresa, kisha ile miguu. Niliona akili yake ikirudi nyuma siku hadi siku, sufuria hadi sufuria. Halafu aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wa baba. Mama hakuwahi kuyataja maneno yale hata mara moja. Aliyaita kelele za ndege. Sasa aliyasema polepole, kwa lafudhi ya Kau, na hakukosea hata moja.

"Sik jo fan mei?"

Baba alimtazama. Nilijua jibu atakalotoa, nilikuwa nimelisikia kila siku.

"Mei," alisema.

Dresa alileta uji mwepesi wa mchele, akamlisha mwenyewe kwa kijiko, kidogo kidogo, akieleza kwamba mtu aliyefika hapo hapewi kingi. Alifanya kila alichoweza. Baba alimeza kidogo, na kingine kikarudi kidevuni, mama akakifuta kwa ncha ya leso. Kabla ya alasiri alikuwa amekufa.

Kurudi ni kupanda mto, na mkondo ulikuwa bado na nguvu. Jirani alisukuma upondo peke yake, baba akiwa amelala katikati, amefunikwa leso ya mama. Tulikuwa tumekwenda mbali ndipo aliposema:

"Angesema neno moja tu, shemeji."

"Nanyi mngeuliza neno moja tu," mama alisema.

Jirani alizamisha upondo, akasukuma mpaka kijijini.

Kwenye matanga watu walisema baba alikuwa mzazi wa kweli, amewafia wanawe. Wengine walilia waliposema hivyo. Bado wanasema, wale wachache waliobaki, na wanategemea niitikie kwa kichwa. Mimi siitikii. Nilitaka baba. Sikutaka mtu wa kusifiwa. Alitudanganya kila siku, sura kavu, huku anafuta mdomo mkavu, na tukamwamini kwa sababu ndiye aliyetufundisha swali na ndiye aliyetufundisha jibu. Tungekula kidogo zaidi sote. Labda mdogo wangu angekufa, nalijua hilo, naye leo ni mzee mnene anayekoroma, na nampenda. Nikimtazama anavyokula nashukuru na kukasirika kwa wakati mmoja, na nimeacha kungoja kimojawapo kishinde.

Mpunga alioupanda baba uliota wote. Ulipojaa maziwa ndege walikuja, mimi na dada yangu tukapanda dungu. Tulirusha teo kimya. Watoto wa madungu mengine walijaribu kutuanzia, wo, mai, fan, wakatungoja tuitike, kisha nao wakaacha.

Tulivuna. Mama alitwanga kapu la kwanza mwenyewe, akalipepeta, akalipika kwa nazi moja iliyopatikana kwa taabu, kwa ajili ya hitima ya baba. Alipakua sinia kubwa kuliko yoyote niliyowahi kubeba, akaniwekea mikononi.

"Peleka barazani. Ukifika usirudi. Simama uone kila mmoja akitia mkono na kumeza."

"Mama, nitasimamaje pale?"

"Kwa miguu yako."

Nilikwenda. Nikaweka sinia mkekani, nikarudi nyuma hatua chache, nikasimama. Wanaume walinitazama, wakatazamana. Mzee mmoja alikohoa ili niondoke. Sikuondoka. Jirani yetu ndiye aliyeelewa. Aliinamisha kichwa, akasema bismillahi, akatia mkono, akala huku ananitazama, akameza, na machozi yalikuwa yakimshuka mpaka kwenye ndevu. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, nami nilipitisha macho kwenye kila koo. Ulikuwa ukimya ambao sijausikia tena mahali watu wanapokula.

Nilirudi jikoni. Mama alikuwa amekaa mbele ya sahani yake, hajaigusa.

"Wamekula wote," nilisema.

"Umeona kwa mato yako?"

"Nimeona."

Ndipo akaanza kula.

Kuanzia siku hiyo mpaka alipofariki, mtu yeyote aliyefika mlangoni kwetu, awe jirani au Muorma mwenye ng'ombe wake au mchuuzi aliyepotea njia kutoka Garsen, mama alimwuliza waziwazi kama amekula. Watu waliona ni kukosa adabu. Lakini alikuwa akitoka jikoni na bakuli mkononi, limejaa, na ni vigumu kumchukia mtu kama huyo.

Haya yote wajukuu wangu hawajaambiwa. Wanajua tu kwamba babu wa zamani alikuwa baharia. Ijumaa, wakishataja wo na mai na fan na wun na kucheka kwao, mimi huuliza swali la mwisho, sik jo fan mei, nao hujibu kwa pamoja, mei. Sik jo sijawafundisha, na sitawafundisha. Ijumaa iliyopita yule mdogo kuliko wote alikuwa amekula mpaka tumbo limekaza kama ngoma, amelegea kwenye mkeka, hawezi hata kufukuza nzi. Nikamwuliza kwa mzaha. Alifikiri, akatafuta neno la kusema ameshiba, akalikosa, kwa kuwa hajawahi kulisikia kwangu.

"Mei," alisema, karibu alie.

Mama yake aliniambia, "Bibi, muache, ataumwa."

Nikamwongezea kijiko kimoja.